Umempelekea Mwenzako Albamu Gani?

Tuko hapa Kwa Mathias, Kibaha, kandokando ya Barabara ya Morogoro, ambako malori ya kwenda bara hayalali usiku wala mchana. Mwezi huu tunaiacha homa ya mtoto na uji wa lishe. Tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalifanya karibu kila siku bila kulifikiria sana, nalo ni kumpa mwenzako albamu ya nyimbo na kumwambia, "Mama, hebu sikiliza hii, itakufaa."

Je, itamfaa kweli? Na wewe umejuaje?

Tunauliza kwa sababu sisi wenyewe ni wagonjwa wa muziki. Hapa mtaani tuko wanawake saba wa madhehebu mbalimbali: wauguzi, mshonaji, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye genge la mboga, na wengine wa nyumbani. Jumamosi moja ya kila mwezi tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu, na mwenye zamu analeta albamu. Hatuna jina, hatuna katiba, wala hatuna mweka hazina wa kutukimbia. Tuna kaunta buku moja tu, ambamo tunaandika nani ameazima nini na tangu lini. Katika miaka hii tumeona albamu ikimwinua mtu kitandani, na tumeona albamu ikimlaza.

Neno lenyewe lina historia yake. Zamani santuri moja ilibeba wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, dakika tatu au nne kila mmoja. Siti binti Saad wa Zanzibar alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine, ni santuri za namna hiyo alizozirekodi. Wauzaji wa Ulaya na Marekani wakawa wanafunga santuri kadhaa pamoja ndani ya jalada lenye kurasa, mfano wa lile la kutunzia picha za harusi, wakaliita albamu. Jina likabaki hata jalada lilipotoweka. Basi albamu tangu mwanzo ni nyimbo zilizokusanywa na mtu aliyekaa akafikiri ipi itangulie na ipi ifunge. Ukimpa mtu albamu nzima unampa safari ya saa moja, na inafaa ujue inakomea wapi.

Wasomaji wetu wenye umri wa miaka arobaini na kuendelea wanakumbuka enzi ya kanda. Kampuni ya Philips ilizitoa kaseti kwa mara ya kwanza mwaka 1963, lakini kwa nyumba nyingi za kwetu zilikuja kushamiri baadaye, pamoja na redio kaseti za betri. Nusu saa upande A, nusu saa upande B. Mkanda ukilegea unachomeka penseli kwenye tundu na kuuzungusha taratibu. Nyuma yake kulikuwa na vijino viwili vya plastiki, na mwenye akili alivivunja kabla ya kuazima, ili mtu asije akarekodi juu yake. Asiyevivunja alirudishiwa kanda ya kwaya ikiwa na matangazo ya mpira wa Simba na Yanga katikati ya pambio. Hata hivyo aliyedhamiria aliziba tundu zile kwa selotepu na kurekodi vilevile. Wanadamu ni walewale.

Lakini tazameni namna kanda ilivyokuwa ikitembea. Ulipotaka kumwazima jirani ulikwenda kwa miguu yako. Ulibisha hodi, ukakaribishwa, ukapewa kigoda na kikombe cha chai, na kabla hujaitoa kanda kwenye mkoba ulikwisha kujua kama mtoto amepona surua, kama baba yao amerudi safari, kama mna unga ndani au hamna. Wakati mwingine ulipoona hali ilivyo, kanda uliyokuja nayo uliiacha mkobani, ukasema utarudi kesho, na kesho yake ukaja na nyingine. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Ni kwamba mlangoni ulikuwa ukimwona mtu uso kwa uso.

Siku hizi albamu haibishi hodi. Unaigusa kwenye simu, unachagua kikundi cha wanawake wa kanisa, cha shule, cha vikoba na cha ukoo, na kwa mara moja imewafikia watu mia mbili. Mmoja wao amejifungua leo. Mwingine amefiwa. Mwingine yuko jikoni akigombana na mumewe. Wote wamepata nyimbo zilezile, na wengi hawazifungui, maana bando ni fedha na simu imejaa. Mwenye kutuma anaona amefanya huduma.

Hebu tuwaeleze jambo moja, bila kutaja ni wapi wala lini. Mama mmoja alikuwa wodini akisubiri kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Ni upasuaji ambao sisi wauguzi tunauona mara kwa mara, na daktari alikuwa amemweleza vizuri, naye alikuwa ametulia. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulipopita kumpima, presha ilikuwa imepanda, na mto umelowa. Tukamwuliza kulikoni. Akatuonyesha simu. Wenzake wa kikundi walikuwa wamemtumia albamu nzima ya kwaya waliyokuwa wakiipenda wote, wimbo baada ya wimbo ukisimulia safari ya kwenda juu, makao ya milele, na kuonana ng'ambo ya pili.

Akatuuliza kwa sauti ndogo, "Sista, hivi wenzangu wameambiwa kitu ambacho mimi sijaambiwa?"

Tulikaa naye. Tukazima simu, mmoja wetu akamshika mkono, akazungumza naye habari za shamba lake la mihogo mpaka usingizi ukamjia. Upasuaji ulifanyika, akapona, na leo anapalilia shamba hilo. Lakini usiku ule aliupitisha kama mtu aliyesomewa hukumu, na waliomsomea walikuwa rafiki zake, tena kwa mapenzi yote.

Hatuzilaumu nyimbo za mbinguni. Chukueni kwaya ya Ambassadors of Christ ya Kigali, Rwanda. Wimbo wao "Kwetu Pazuri" umefariji waliofiwa wengi Afrika Mashariki yote, hapa Pwani pia. Mwaka 2011 wenyewe walipata ajali ya barabarani, wakapoteza waimbaji watatu, kwa hiyo wakiimba juu ya msiba wanajua wanachokisema. Mjane aliyemaliza arobaini na bado halali usiku, mpelekee hiyo kwa mikono miwili. Aliyelala akisubiri kisu cha daktari asubuhi, usimpelekee.

Kwamba muziki unamsaidia mgonjwa, hilo halina ubishi mkubwa tena. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha kazi ya watafiti waliokusanya majaribio 73 yaliyofanywa kwa watu wazima waliopasuliwa. Waliosikilizishwa muziki walikuwa na maumivu kidogo zaidi na wasiwasi kidogo zaidi, wakahitaji dawa za maumivu kidogo zaidi. Hata walioupata wakiwa wamelala kwa dawa ya usingizi uliwafaa. Lakini muziki wa majaribio mengi ya namna hiyo ni wa kutuliza, ala nyororo zisizomsimulia mtu habari za kaburi. Nyimbo zetu sisi zina maneno, na maneno ya Kiswahili yanaingia moja kwa moja, hayapigi kona.

Mnaikumbuka habari ya Sauli na Daudi katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Mfalme anasumbuliwa, watumishi wanamtafutia mtu ajuaye kupiga kinubi, Daudi anapiga, na Sauli anapata nafuu. Hapo ndipo wengi tunapoishia. Tuendelee sura mbili mbele. Kinubi ni kilekile, mpigaji ni yuleyule, msikilizaji ni yuleyule, na Sauli anamtupia mkuki. Moyo wa Sauli ndio uliokuwa umebadilika. Kwa hiyo hata ukiwa na uhakika kwamba rafiki yako aliipenda albamu fulani mwaka jana, mwaka huu huenda akakutupia mkuki.

Mwanamke aliyepoteza mtoto tumboni ni mfano mwingine. Anarudi kutoka hospitali, maziwa yanamtoka na hana wa kumnyonyesha, na rafiki anamletea albamu ya shukrani iliyojaa nyimbo za wanawake waliobarikiwa watoto, ati ili imtie imani. Akina mama, huyo mwacheni kwanza anyamaze. Baada ya muda atawaambia mwenyewe anachotaka kusikia, na huenda ikawa ni nyimbo alizoimbiwa na bibi yake, au asitake chochote.

Kuna na aina nyingine ya kupeana albamu, na hii sisi wa Pwani tunaijua kwa undani kwa sababu tumelelewa na kanga na taarabu. Ni albamu ya mafumbo. Unampelekea mwenzio nyimbo za uvumilivu katika ndoa, na kwa kufanya hivyo umemwambia kwamba umesikia yanayotokea nyumbani kwake. Au unafungua redio dirisha likitazama kwa jirani, unaweka wimbo wa maadui walioaibika, sauti juu kabisa, Jumapili asubuhi. Kwaya imeimba kwa ajili ya Mungu, wewe umeifanya kijembe. Tumewahi kuona wanawake wawili wa kanisa moja wakinuniana miezi mitatu kwa ajili ya wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeutunga. Mume wa mwenzetu mmoja alikuja kulalamika kwetu kwamba kila albamu mkewe anayoazima kwenye kikundi inamsema yeye. Tukafungua kaunta buku, tukatazama, na kwa kweli hakuwa amekosea sana. Zilikuwa nne mfululizo.

Basi mtu afanyeje? Sisi tumejizoeza kuuliza. Ni jambo dogo hata tunaona haya kuliandika, lakini halifanywi. Unauliza: siku hizi unasikiliza nini? Unataka cha kulia au cha kunyamazia? Unataka maneno au ala tupu? Majibu yanashangaza. Tulimwuliza mwenzetu mshonaji, aliyekuwa akikesha na mama yake mgonjwa, tukadhani atataka nyimbo za maombi. Akasema anataka kwaya yenye ngoma nyingi na shangwe, maana maombi anayo ya kutosha na usingizi ndio unaomsumbua zamu ya usiku. Tukampelekea Kwaya ya Uinjilisti Kijitonyama, akatuambia walikesha nayo, mgonjwa akitikisa kidole.

Kuvuka uzio wa dhehebu nako kuna faida yake. Kati yetu mmoja ni Mkatoliki, naye ndiye aliyetuletea Kwaya ya Mtakatifu Kizito ya Makuburi, ambayo baadhi yetu tulikuwa hatujawahi kukaa tukaisikiliza kwa utulivu. Mlutheri akaleta ya kwake, wa AIC akaleta AIC Chang'ombe. Anayesikiliza kwaya ya kanisa lake peke yake anafanana na anayekula ugali wa mlo mmoja mwaka mzima kwa mboga moja. Anashiba, ila hajui sokoni kuna nini.

Sasa tunafika mahali ambapo baadhi ya wasomaji watatukasirikia. Je, mwanamke Mkristo anaweza kumpelekea mwenzake albamu isiyo ya dini?

Kuna bibi mmoja jirani, mzee wa kanisa wa miaka mingi, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na maneno yakampotea. Alikuwa akielewa unachomwambia, lakini akitaka kujibu linatoka neno moja tu, lilelile. Mkwewe, mwanamke mwenye subira, alimpigia nyimbo za kwaya kila asubuhi. Bibi alitulia, ila hakuna kilichobadilika. Mkwe akakumbuka kwamba mama mkwe alikulia Morogoro. Akaanza kuulizia kwa wazee waliokuwa vijana huko miaka ya 1960, walikuwa wakicheza nini. Wote wakamtajia jina moja, Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Mzee mmoja akatoa kanda yake mwenyewe, iliyochakaa, akasema irudi.

Tulikuwepo wakati mkwe alipoiweka. Gitaa lilipoanza, bibi aligeuza kichwa. Wimbo wa pili mkono mzima ulikuwa ukipiga juu ya shuka. Na kufika kiitikio alikuwa akiimba, maneno yakimtoka, si yote, lakini yalikuwa maneno. Mkwe alitoka nje akalia.

Hii haikuwa miujiza, wala hatutaki mtu aache mazoezi ya viungo na vidonge vya presha akimbilie santuri. Kwa watu wengi maneno ya kusema yanatunzwa zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na kuimba kunashirikisha pande zote mbili, kwa hiyo wapo walioshindwa kusema baada ya kiharusi ambao bado wanaweza kuimba. Tangu miaka ya 1970 wataalamu huko Marekani wamekuwa wakiutumia mlango huo kuwarudishia wagonjwa usemi kidogo kidogo. Bibi yetu leo anasema maneno kadhaa, mengine anayaimba.

Wapo wanawake waliokuja kumwona wakakuta dansi linalia chumbani, wakanong'ona mlangoni. Sisi tuliwajibu kwamba bibi alikuwa msichana kabla hajawa mzee wa kanisa, na huyo msichana ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Mnaweza kutuandikia kutupinga.

Tugeukie fedha, maana hapa pana dhambi tunayoifanya tukitabasamu.

Kwaya moja ya jirani zetu ilihangaika karibu miaka miwili kutoa albamu. Studio ilitaka fedha, mpiga kinanda alitaka fedha, mpiga picha za video alitaka nyingi zaidi, na sare zilishonwa kwa mkopo. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alinunua nakala ya kwanza kwa bei ya mgeni rasmi, vigelegele vikapigwa, watu wakacheza. Jumapili iliyofuata meza ya mlangoni iliuza vizuri. Jumapili ya tatu haikuuza hata moja. Lakini kila saluni ya Maili Moja ilikuwa ikiipiga, na kwenye daladala pia, na watoto wa shule waliijua mwanzo mpaka mwisho. Albamu ilikuwa imependwa mno. Mama mmoja alinunua, akamrushia dada yake, dada akarusha kwenye kikundi, na kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi akaiweka katika kompyuta yake na kuiuza kwa bei ya kashata.

Deni la studio lililipwa na wanakwaya wanawake kwa kuuza vitumbua na maandazi asubuhi, baadhi yao wakiwa na watoto wachanga mgongoni. Walimaliza. Albamu ya pili hawajaitoa, na sauti ya kwanza ile iliyotutoa machozi imehamia Dodoma kwa mumewe.

Kila aliyerusha alikuwa na neno moja: "Nimekushirikisha, mpenzi." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na COSOTA ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Mwaka 2013 Serikali ikaanzisha stempu za TRA za kubandikwa kwenye kazi za muziki na filamu ili halali ijulikane. Lakini stempu inabandikwa kwenye jalada, nayo nyimbo za siku hizi hazina jalada. Askari hawezi kukaa kwenye kila simu ya kila mama. Hapo tumebaki sisi na dhamiri zetu, na dhamiri ya mtu mwenye bando la bure la usiku si imara sana.

Tofauti tunayoiona ni hii. Ukimwazima mtu kanda au CD yako, wewe unabaki huna mpaka airudishe, kwa hiyo umetoa kitu chako. Ukimrushia nakala wewe unabaki nayo, yeye anayo, na aliyetoa kitu ni mwimbaji ambaye hamkumwuliza. Kupendekeza albamu ni kazi nyingine tena, na hiyo ndiyo inayowalisha waimbaji. Rose Muhando, mzaliwa wa Dumila mkoani Morogoro, alipotoa "Mteule Uwe Macho," wengi wetu hatukusoma tangazo lolote. Tulisikia kwa jirani, jirani akasema kanunue, tukanunua. Januari 2005 alitwaa tuzo za muziki wa injili nchini za mtunzi bora, mwimbaji bora na albamu bora, na mwaka 2011 akatia saini mkataba na kampuni ya Sony Music. Majirani walikuwa na sehemu yao katika hayo, kwa kusema tu.

Katika kikundi chetu tumejiwekea desturi, na anayeona inafaa aichukue. Mwenye zamu anapiga albamu yote tangu mwanzo, na hakuna kuzungumza mpaka upande uishe, jambo ambalo kwa wanawake saba ni gumu kuliko mnavyodhani. Kisha anatuambia ameileta akimfikiria nani. Anayeipenda ananunua ya kwake, ya mkononi au ya kwenye simu. Asiye na uwezo mwezi huo anaazima ile yenyewe, jina lake linaingia kwenye kaunta buku. Mwenzetu akiwa na shida kubwa tunachanga tunamnunulia, na aliye karibu naye zaidi ndiye anayepeleka, kwa miguu. Kwa wanaosikilizia YouTube, tunawaomba wafungue ukurasa wa kwaya yenyewe badala ya ule wa mtu aliyeipakua na kuipandisha kwa jina lake, maana watazamaji wakiwa wengi huweza kuwaingizia kwaya chochote. Tangu mwaka 2021 Spotify nayo imefika Tanzania, ingawa kati yetu ni mwalimu peke yake anayeiweza, na hutuchosha kwa kutueleza.

Neno moja la kiuguzi tusilisahau. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma kwa sauti ya desibeli 80, na kwa watoto iwe chini ya hapo. Kama umevaa spika za masikioni na aliye kando yako anausikia wimbo wako, umezidisha. Mtoto mchanga asilazwe mbele ya spika ya sebuleni hata kama ni kwaya ya parokia.

Ukurasa unaisha na bado hatujasema lolote juu ya wanaoazima wasirudishe. Kaunta buku yetu ina jina moja lililokaa tangu mwaka juzi, na mwenyewe anasoma gazeti hili. Zamu ya mwezi ujao ni ya mwenye genge la mboga. Amekwisha kutuambia ataleta santuri ya marehemu baba yake, ambayo yeye mwenyewe hajaisikia tangu akiwa na miaka tisa. Mashine ya kuipigia hana, na sisi hatuna. Kama kuna msomaji hapa Kibaha, au hata Kisarawe, mwenye gramafoni ambayo bado inazunguka, tunaomba atujulishe kabla ya Jumamosi ya pili ya mwezi. Tutaibeba wenyewe, na tutairudisha.